Ajali Haina Kinga, Lakini Ina Sababu

Kakangu mkubwa anaishi Nakuru, mtaa wa Bondeni, tangu mwaka wa 2014. Hakuhamia huko kwa kupenda. Alikuwa dereva wa trela, akitoa mizigo bandarini Kilindini na kuipeleka Malaba, na Nakuru ilikuwa kituo chake cha kulala. Huko akaoa, na huko akakatwa mguu wa kulia juu kidogo ya goti.

Ajali yenyewe ilitokea kati ya Salgaa na Sachangwan. Yeye alikuwa akipanda mlima, mzigo mzito, mwendo wa kobe, upande wake wa barabara. Lori lililokuwa likishuka likakosa breki, likahama upande na kumvaa. Alikuwa hajalewa, hakuwa amelala kwenye usukani, wala hakuwa akijaribu kupita gari jingine. Kwa maneno mafupi, alifanya kila jambo ambalo dereva hufunzwa kufanya, na bado akaumia yeye.

Habari zilipotufika Mombasa, mamangu alilia, kisha akasema lile neno ambalo sote hulisema: "Ni kudra ya Mwenyezi Mungu." Mwajiri wake naye alipopigiwa simu alisema neno linalofanana na hilo: "Ajali haina kinga." Maneno mawili, yanakaribiana sana, lakini leo nataka nikuelezee, ndugu msomaji, kwa nini hayako sawa, na kwa nini kutoyatenganisha kulimgharimu kakangu haki yake.

Jumapili ya Naivasha

Tarehe 27 Juni 2021 nilikuwa kwa kakangu. Hiyo ilikuwa siku ya mwisho ya mbio za magari za Safari Rally, zilizorudi katika mashindano ya dunia baada ya kukosekana tangu mwaka wa 2002. Zilifanyika Naivasha, humo humo kaunti ya Nakuru. Kakangu, kama dereva yeyote wa zamani, hana mchezo mwingine anaoujali. Tulikaa mbele ya runinga tangu asubuhi, chai ya tangawizi na mahamri mezani.

Thierry Neuville wa Ubelgiji, akiendesha Hyundai, alikuwa akiongoza kwa karibu dakika nzima. Katika mbio hizo dakika nzima ni mali nyingi. Lakini katika hatua ya kwanza ya asubuhi hiyo, kule Loldia, gari lake likavunjika upande wa nyuma, kwenye vyuma vinavyobeba tairi na kuzuia gari lisiruke ruke. Mbio zikamwishia hapo. Sébastien Ogier wa Toyota ndiye aliyeshinda, na Mjapani Takamoto Katsuta akawa wa pili.

Mtoto wa kakangu, ambaye siku hizo ndiyo kwanza ameingia chuo kule Njoro, alikasirika kama kwamba gari ni lake. "Baba, si haki hii! Amewashinda wote siku tatu!"

Kakangu akamjibu polepole: "Mwanangu, barabara haimjui mtu. Hapo hakuna aliyemdhulumu."

Jibu hilo lilinishangaza, kwa kuwa lilitoka kwa mtu ambaye barabara ilimchukulia mguu. Nimelifikiria miaka mingi.

Wanaoijua Safari wanajua kuwa mbio hizi zilijengwa juu ya bahati tangu zilipoanza mwaka wa 1953. Mwaka wa 1963 magari 84 yaliondoka na saba tu yakamaliza. Mwaka wa 1968 yaliondoka 93, yakamaliza saba tena. Tope, mto uliofurika, jiwe lililofichwa na vumbi, mnyama anayekatiza njia: hivyo vyote havichagui dereva. Shekhar Mehta alishinda mara tano, na ushindi wake wa kwanza, mwaka wa 1973, ulipatikana baada ya yeye na Harry Källström kulingana kabisa kwa pointi za adhabu, ikabidi kanuni ya ziada iamue. Källström alikwenda sawa na mshindi na hakushinda.

Basi hiyo ni aina ya kwanza. Bahati mbaya halisi. Haina mwenyewe. Ukimtafuta wa kumlaumu unapoteza siku yako.

Lakini Neuville huyo huyo anatupa mfano wa pili. Mwaka wa 2023 alimaliza Safari, kisha waamuzi wakamwondoa katika matokeo kwa sababu ya kuvunjwa kwa kanuni za ukaguzi wa njia kabla ya mashindano. Hiyo si bahati mbaya. Kanuni iliandikwa, ilijulikana, na ilimhusu kila mtu. Ilimuuma, lakini kuumia si kudhulumiwa.

Iko pia kanuni ambayo ni ngumu kwa mmoja kuliko mwengine. Katika mbio za dunia, anayeongoza msimu ndiye hutangulia njiani siku ya Ijumaa. Kwenye changarawe, anayetangulia huwa kama mfagiaji: anaondoa kokoto na mchanga uliolegea, na wanaomfuata wanapata njia safi. Lakini mvua ikishuka mchana, wa mbele huenda akapita pakavu na wa nyuma akaogelea tope. Ni haki? Madereva hulalamika kila mwaka. Lakini kila mmoja anajua kwamba akiongoza kesho, ufagio huo utakuwa wake. Ugumu unaozunguka kwa zamu, unaojulikana na wote, watu wanaweza kuuvumilia.

Mchezo wa Wamarekani

Nilipokwenda tena Nakuru majuzi, yule kijana, ambaye sasa amemaliza chuo, alikuwa amepata ugonjwa mpya: besiboli. Anautazama kwenye simu usiku wa manane. Nilimwuliza anaona nini katika mchezo wa watu kusimama uwanjani wakitafuna ubani. Akanicheka. "Ami, huu ndio mchezo wa bahati mbaya kuliko yote. Kaa nikueleze."

Akanieleza, nami nakueleza wewe. Mmoja anarusha mpira, mwengine anaupiga kwa gongo. Gongo ni la mviringo na mpira ni wa mviringo, kwa hivyo kuukuta vizuri ni kazi. Ukiupiga kwa nguvu zako zote, ukaenda moja kwa moja mkononi mwa mpinzani, umetoka. Ukiugusa vibaya, ukadondoka kinyonge mahali pasipo mtu, umesalimika na unahesabiwa umefanya vyema. Mpigaji anayefaulu mara tatu katika kumi anaitwa hodari. Ndiyo maana kila timu ya ligi yao kuu hucheza mechi 162 kwa msimu. Mechi moja haisemi kweli. Mechi nyingi huipepeta bahati, ikabaki mchele.

Akanipa kisa cha Harvey Haddix. Tarehe 26 Mei 1959, mrushaji huyu wa Pittsburgh aliwatoa wapigaji 36 mfululizo, awamu 12, bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Kwa kawaida mchezo ni awamu tisa. Lakini wenzake nao hawakupata alama hata moja, mchezo ukaendelea, na katika awamu ya 13 akafungwa, moja kwa sifuri. Huenda hakuna aliyerusha vizuri kuliko yeye usiku mmoja, na alikwenda kulala akiwa ameshindwa. Nikamwambia kijana: huyo ni Neuville wa Loldia. Bahati mbaya haina mwenyewe.

Kisha akanionyesha kisa kingine. Tarehe 2 Juni 2010, mjini Detroit, Armando Galarraga wa Venezuela alikuwa amewatoa wapigaji 26 kati ya 27. Akibakisha mmoja tu angeingia katika orodha fupi sana ya waliorusha mchezo kamili. Wa 27 akapiga, mpira ukaokotwa, ukafika kituoni kabla ya mpigaji. Uwanja mzima uliona. Mwamuzi Jim Joyce akatangaza kuwa mpigaji amesalimika. Alikosea.

Hapa, msomaji, simama kidogo. Hili si jiwe lililofichwa na vumbi. Hili lina mwenyewe, na mwenyewe ana jina. Joyce alipoiona picha baada ya mchezo, hakusema "makosa ni ya binadamu" akaenda zake. Alimtafuta kijana yule, akamwomba radhi uso kwa uso, akakiri mbele ya waandishi kuwa amemnyima. Kesho yake Galarraga ndiye aliyetumwa kumkabidhi karatasi ya majina ya wachezaji, na mwamuzi alikuwa akifuta machozi. Ligi ilikataa kubadilisha matokeo. Lakini kuanzia msimu wa 2014 iliruhusu maamuzi mengi ya namna hiyo kurudiwa kutazamwa kwenye video. Galarraga hakupata chake. Waliokuja baada yake walipata njia ya kudai.

Karibu na kwetu, besiboli hiyo hiyo ina kisa cha watoto wa Uganda. Mwaka wa 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilishinda mashindano ya kufuzu yaliyochezwa Kutno, Poland, ikaifunga timu kutoka Saudia. Ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufuzu kwenda mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Marekani. Wakanyimwa viza, kwa maelezo kwamba karatasi za umri na tarehe za kuzaliwa hazikuafikiana. Walioshindwa wakaenda badala yao.

Msomaji wa Pwani hahitaji kufafanuliwa hilo. Wangapi miongoni mwetu tumepigwa msasa kuomba kitambulisho, tukaulizwa cheti cha babu aliyezaliwa wakati ambao hakuna aliyeandika? Mtoto hakujiandikia cheti. Kama karatasi zina kasoro, waliozijaza ni watu wazima. Lakini anayebaki nyumbani ni mtoto. Kilichonifurahisha ni kwamba watoto wa Langley, Canada, ambao wangecheza nao mechi ya kwanza, walisafiri hadi Uganda Januari 2012 wakacheza nao. Mwaka huo huo timu ya Lugazi ikapata viza na kufika Williamsport.

Salgaa na jini lililokuwa mteremko

Sasa turudi barabarani. Kwa miaka mingi madereva walilisema jina Salgaa kwa sauti ya chini. Wapo walioamini pana majini. Maombi yalifanywa pale. Mimi si wa kubeza dua, lakini kakangu, aliyepita pale mamia ya mara, hakuwahi kusadiki habari ya majini. "Jini la Salgaa," huniambia, "ni mteremko mrefu, na dereva anayetoa gia ili gari lijishukie bure na mafuta yabaki." Gari zito likishuka bila gia, breki ndizo zinazobeba kazi yote. Zinapata moto, kisha zinaacha kushika. Kwa nini dereva aibe mafuta hivyo? Mara nyingine ni tamaa. Mara nyingine mwenye gari amempa mafuta ya kupimiwa na mshahara usiotosha.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, karibu na pale pale, wakafa watu 36. Baada ya msiba huo serikali ikajenga kizuizi cha zege katikati ya barabara sehemu hiyo, kinachotenganisha wanaopanda na wanaoshuka. Ni ukuta mfupi tu. Lori linaloshuka bila breki likilala upande, linakutana na zege kabla ya kukutana na baba wa watu anayepanda taratibu.

Kakangu alinipeleka kuuona ukuta huo. Tuliteremka, akaegemea mkongojo wake, akautazama muda mrefu. Akasema, "Ungekuwapo mwaka ule, mdogo wangu, ningekuwa na miguu miwili." Sikuwa na jibu.

Kama ukuta wa kimo cha kiuno unaweza kuzuia "kudra", basi tulikuwa tukiita kudra jambo ambalo lilikuwa ni kazi haikufanywa. Na haijesha. Tarehe 30 Juni 2023, makutano ya Londiani, lori lilikosa mwelekeo likawavamia wafanyabiashara na abiria kando ya barabara, wakafa zaidi ya watu 50. Breki ni sehemu ya swali. Sehemu nyingine ni hii: kwa nini soko lilikuwa pale, hatua chache kutoka magari mazito?

Nakuru imejaa maswali ya namna hii. Tarehe 9 Mei 2018, usiku, bwawa la Patel kule Solai lilipasuka na kuua watu zaidi ya 40. Mvua ilikuwa kubwa kweli mwaka ule. Mvua haina mwenyewe. Lakini ukuta wa bwawa una aliyeujenga, na una anayetakiwa kuukagua. Maafisa wa maji walisema bwawa halikuwa na kibali. Watu walishtakiwa, wakakana mashtaka, na kesi ikaenda na kurudi mahakamani huku waliofiwa wakihesabu miaka.

Na Naivasha, ziwa limekuwa likipanda. Mwaka wa 2025 maji yaliingia nyumba za mtaa wa Kihoto, maelfu wakahama, wengine kwa mashua kutoka mlangoni kwao. Kupanda kwa ziwa ni jambo la mvua. Lakini nani aliyeruhusu viwanja vikatwe na kuuzwa huko chini? Hilo si swali la mvua.

Maswali matatu

Kutokana na haya nimejiwekea maswali matatu, na ningependa nawe uyaweke mfukoni siku utakapofikwa.

La kwanza: Je, pana mtu ambaye angeweza kuzuia jambo hili, na ilikuwa ni kazi yake kulizuia? Kama hapana, ni bahati mbaya. Subiri, omba, endelea.

La pili: Je, kanuni iliyonibana inambana kila mtu kwa kipimo kimoja? Kama ndiyo, huenda ni ngumu, lakini si dhuluma. Kama inawabana wengine na kuwaacha wengine, hilo ni jambo la kusemwa.

La tatu: Je, nina mechi 162? Katika besiboli bahati husawazika kwa sababu kesho kuna mchezo mwingine. Neuville alikuwa wa pili katika ubingwa wa dunia mara tano, na mwaka wa 2024 hatimaye akawa bingwa. Alikuwa na misimu ya kungojea. Kakangu hana mguu mwingine wa msimu ujao. Watu wanapomwambia maskini "mambo yatasawazika", wanasahau kuwa wengi hupewa mchezo mmoja tu. Ndiyo maana sheria ya fidia iliwekwa: kusawazisha kile ambacho muda hautakisawazisha.

Nami hapa ndipo penye uchungu wangu. Kenya ina Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka wa 2007. Inasema mwajiri anawajibika kumfidia mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini, hata kama si mwajiri aliyesababisha ajali. Mwajiri anatakiwa awe na bima kwa ajili hiyo, na airipoti ajali kwa mkurugenzi wa usalama kazini. Ulemavu kamili wa kudumu hukokotolewa kwa mapato ya miezi 96, na anayepoteza kiungo hupata sehemu yake ya hayo. Lakini dai linatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali.

Kakangu alilipiwa hospitali, akapewa mshahara wa miezi miwili, akaambiwa ajali haina kinga. Sisi jamaa zake, pamoja na mimi niliyesoma hadi diploma, tukaitikia. Tukamwambia avumilie, ni kudra. Hakuna aliyefungua sheria. Nilikuja kuisoma mwaka wa 2017, kwa shughuli nyingine kabisa. Miezi 12 ilikuwa imepita zamani.

Mamangu alipotaja kudra alikuwa sahihi, kwa kuwa alikuwa akimtuliza mwanawe na moyo wake. Mwajiri alipotaja ajali haina kinga alikuwa akifunga mlango. Kosa letu ni kuyasikia maneno mawili kama neno moja. Dini yetu inatufundisha kumfunga ngamia kwanza, ndipo kutawakali. Haijatufundisha kumwachia ngamia wetu anayetaka kumchukua, kisha tukaita hilo subira.

Nilipomweleza kakangu habari ya miezi 12, niliogopa atanikasirikia. Hakukasirika. Alinyamaza, akamwita mwanawe, akamwambia aiandike namba hiyo ya sheria kwenye karatasi. Siku hizi anauza vipuri vya lori karibu na stendi ya Nakuru, na karatasi hiyo imebandikwa ukutani juu ya meza yake, kwa mwandiko wa yule kijana. Kila dereva au taniboi anayeingia kununua bolti husomeshwa kwanza. Wawili wameshalipwa kwa ajili ya karatasi hiyo.

Ikiwa una ndugu kwenye barabara ya Kilindini kwenda Malaba, mpigie simu leo. Mwambie: miezi 12.